Maswali ya Wasomaji: Cha Kununua Ukifika Marseille

Kati ya barua tulizopokea mwezi huu, tatu zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu wa Mombasa akijaliwa kufika Marseille, mji wa bandari ulioko kusini mwa Ufaransa kwenye Bahari ya Mediterania, anunue nini, na anunue wapi. Nimezijibu pamoja kwa sababu majibu yake yanategemeana.

SWALI

Assalamu alaykum. Mdogo wangu ameolewa na Mngazija na wanaishi Marseille. Mungu akipenda nitamtembelea kwa wiki tatu mwezi wa Mei, na tiketi yangu inaniruhusu begi moja la kilo 23. Hapa nyumbani kila mtu ameniagiza kitu. Mdogo wangu anafanya kazi kutwa na hataweza kunitembeza. Naomba kujua nianzie wapi, na ni vitu gani hasa ambavyo ni vya mji ule, nisije nikarudi na mzigo wa vitu ambavyo ningevipata Marikiti. (Bi. Z., Kibokoni)

JIBU

Wa alaykumu ssalaam, Bi. Z. Hayo maneno yako ya mwisho ndiyo ningemwambia kila msafiri atokaye hapa kwetu, kwa hiyo nitaanza na Marikiti. Ukimwuliza mwenyeji wa Marseille soko liko wapi, atakuelekeza Noailles, mtaa ulio hatua chache kutoka barabara kuu ya La Canebière, ambako kuna soko la Capucins na vichochoro vilivyojaa maduka ya Waarabu wa Afrika Kaskazini, Waafrika wa Magharibi, Wahindi na Wangazija wenzake shemeji yako. Wenyewe huuita mtaa huo tumbo la Marseille. Nenda, tena nenda siku ya kwanza, kwa sababu hapo hutajihisi mgeni: utakuta muhogo, ndizi za kupika, bamia, pilipili, samaki wa kukausha, mabucha ya nyama halali, na tende za Tunisia na Aljeria zikiwa bado kwenye vitawi vyake. Kwa chakula cha nyumbani kwa mdogo wako, hapo ndipo mahali, na bei zake ni nafuu kuliko za maduka makubwa. Lakini usifunge mzigo wa Mombasa hapo. Iliki, karafuu, mdalasini na manjano umeyaacha mlangoni kwako, na yamefika kwako kwa njia fupi zaidi. Nimewaona watu wa pwani wakilipa yuro kwa bizari iliyowekwa ndani ya chupa yenye utepe, na hadi leo sijaelewa kwa nini.

Kabla ya kuondoka Noailles, ingia maduka mawili ya zamani ambayo mimi nayahesabu kuwa sehemu ya mji. Moja ni Maison Empereur, duka la vyombo na vifaa vya nyumbani lililofunguliwa mwaka 1827, ambalo ndani yake chumba kinaingia chumba kingine: sufuria, visu, brashi za kila kazi, vitasa vya milango, mitego ya panya, vitu vya kuchezea watoto. Mtu mwenye jiko lake anaweza kupoteza asubuhi nzima humo asijute. La pili ni Père Blaize, duka la mitishamba la tangu mwaka 1815, ambako majani ya chai hupimwa kwa mizani mbele yako. Ukinunua kisu, kiweke katika begi kubwa na si katika mkoba wa mkononi, la sivyo kitabaki uwanja wa ndege.

Sasa sabuni. Kama ungeniruhusu nikuchagulie kitu kimoja tu cha kuleta, ningekuchagulia sabuni ya Marseille, na nataka nikueleze vizuri kwa sababu ndicho kitu kinachoghushiwa kuliko vyote. Mwaka 1688, katika utawala wa mfalme Louis wa 14, ilitolewa amri kwamba sabuni hiyo ipikwe kwa mafuta ya zeituni peke yake. Baadaye masharti yakalegezwa, mafuta mengine ya mimea yakaingia, na katika karne ya 19 viwanda vya Marseille vikawa na njaa kubwa ya mbegu za mafuta kutoka kila pembe ya dunia. Hapo ndipo historia inapotugusa sisi: wafanyabiashara wa Marseille walikuwa wakinunua ufuta wa mwambao huu, wa Lamu ukiwemo, kupitia Unguja, ukapelekwa kukamuliwa ili upatikane mafuta ya sabuni. Mkulima wa Lamu aliyekuwa akipepeta ufuta wake pengine hakujua unakwenda kufulia nguo za nani, lakini jasho lake lilikuwa ndani ya mapipa yale.

Sabuni ya kweli hupikwa kwa siku kadhaa katika sufuria kubwa mno, mafuta yakichanganywa na soda kali ya kutengenezea sabuni (si ile ya kunywa), kisha huoshwa kwa maji ya chumvi ili soda iliyobaki itoke, ikamiminwa, ikakaushwa na kukatwa vipande. Haitiwi rangi wala manukato. Ya mafuta ya zeituni huwa na rangi ya kijani iliyofifia, na ile nyeupe hutokana na mafuta mengine ya mimea, yakiwemo ya mbata za nazi. Umbo lake la asili ni mchemraba uliogongwa muhuri pande zote sita, wenye maandishi ya asilimia 72, maana yake kiwango cha mafuta yaliyomo. Kwa hiyo ukikuta mbele ya duka rundo la sabuni za rangi ya waridi, zambarau na njano, zinazonukia lavanda kutoka ng'ambo ya barabara, hizo ni sabuni za kuogea tu, na huenda ni nzuri kwa kuogea, lakini si ile uliyoifuata. Jina la sabuni ya Marseille halikulindwa kisheria kama yanavyolindwa majina ya baadhi ya jibini na mvinyo wa Ufaransa, na ndiyo sababu sabuni iliyotengenezwa nchi nyingine kabisa huweza kuuzwa kwa jina hilo kando ya bandari yenyewe. Mara yangu ya kwanza nilinunua vipande kumi katika duka moja la aina hiyo, nikavigawa kwa majirani kwa furaha, na ni jirani mmoja aliyesoma karatasi yake ndiye aliyenionyesha kwamba havikutengenezwa Ufaransa.

Soma basi karatasi. Maneno "sodium olivate" yana maana ya mafuta ya zeituni, "sodium cocoate" ni ya nazi, na "sodium palmate" ni ya mawese. Ukiona "sodium tallowate", hayo ni mafuta ya mnyama, na kwetu sisi Waislamu hilo ni jambo la kulitazama kwa makini, maana karatasi haisemi ni mnyama gani wala amechinjwa vipi. Watengenezaji wa zamani ambao majina yao unaweza kuyategemea ni Fer à Cheval, kiwanda cha tangu mwaka 1856, na Le Sérail, vyote viwili vikiwa katika mitaa ya kaskazini ya Marseille, pamoja na Marius Fabre, ambao wako Salon-de-Provence tangu mwaka 1900. Sabuni zao zinapatikana pia katika maduka ya vyombo kama lile nililolitaja Noailles, huna haja ya kupanda basi.

Pima hesabu ya kilo zako. Mchemraba wa kawaida una gramu 600. Ukichukua kumi umekwisha kutumia kilo sita kati ya 23. Viko vidogo vya gramu 300, na kwa zawadi za majirani hivyo vinatosha. Sabuni hii haiharibiki. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokauka na kuwa ngumu, na ikiwa ngumu huisha polepole. Shangazi yangu alikuwa akiipanga kabatini katikati ya mashuka.

Kitu cha pili ni kitambaa, na hapa mwanamke wa Mombasa ana macho kuliko watalii wote. Katika karne ya 17 meli zilishusha Marseille pamba zilizochapwa maua kutoka India, na watu wakazipenda mno hata mafundi wa huko wakaanza kuziiga. Wafumaji wa hariri na sufu walilalamika, na mwaka 1686 mfalme akapiga marufuku kuingiza na kuchapa vitambaa hivyo. Marufuku hayo hayakuondolewa mpaka mwaka 1759. Hadi leo Wafaransa wenyewe huviita "indiennes", yaani vya Kihindi, na mapambo yake ya pindo, kona na maembe madogo utayatambua mara moja wewe uliyezoea kufunua leso Biashara Street. Vinauzwa kama vitambaa vya meza, vifuniko vya mito, mashali na vitambaa vya kukatwa kwa mita. Vishike kabla ya kulipa. Vingi vinavyotundikwa mbele ya maduka ya watalii ni poliesta iliyochapwa upande mmoja. Tafuta neno "coton" na maneno "fabriqué en France", kisha geuza upande wa nyuma utazame kama rangi imepenya, kama vile ungefanya kwa leso.

Kwa vitu vya kula, nenda upande wa kusini wa bandari ya zamani, ile wanayoiita Vieux-Port, mpaka karibu na kanisa la kale la Saint-Victor. Hapo kuna tanuri la Four des Navettes, lililoanza kazi mwaka 1781, na huoka biskuti kavu zenye umbo la mashua na harufu ya maji ya maua ya mchungwa. Ni ngumu, zinataka chai, na zinakaa muda mrefu, kwa hiyo zinafaa safari. Mtu akikuletea "calissons", peremende laini za lozi na tikiti lililopikwa kwa sukari, hizo ni za mji jirani wa Aix-en-Provence, nazo ni nzuri. Kwangu zinakaribia halua kuliko kitu chochote kingine nilichokula huko. Mafuta ya zeituni ya Provence, jimbo la Marseille na Aix, ni bora, ila ni mazito na chupa huvunjika: nunua ya bati, na uyatie katika begi kubwa.

Sokoni kwa samaki nenda ukatazame tu. Kila asubuhi, kuanzia kama saa mbili hadi saa saba mchana, wavuvi huuza walichovua palepale gatini Vieux-Port, baadhi ya samaki wakiwa bado wanarukaruka. Mdogo wako atafurahi ukimpelekea wa chakula cha jioni.

Mambo mawili ya adabu. Ukiingia duka lolote la Ufaransa, hata liwe dogo namna gani, sema "bonjour" kabla ya neno jingine lolote. Kwao kuuliza bei bila salamu ni sawa na kuingia nyumba ya mtu bila hodi, na muuzaji aliyeonekana mkali atalainika mara moja. Jambo la pili ni kwamba dukani bei haipatanwi. Iliyoandikwa ndiyo unayolipa. Kupatana kupo katika masoko ya vitu vya zamani, na hata huko si kwa mtindo wetu wa kuanza na nusu. Chukua kikapu chako cha ukili kutoka hapa, kwa maana sokoni hupewi tena mifuko myepesi ya plastiki, nawe pia usirudi nayo, kwani Kenya imeipiga marufuku tangu Agosti 2017. Katika msongamano wa Noailles na ndani ya metro shika mkoba wako mbele, kama unavyofanya Mwembe Tayari.

Na usiogope lugha. Wangazija walianza kufika Marseille kama mabaharia wa meli za Kifaransa, na leo ni maelfu kwa maelfu, hata watu husema mji ule ni kisiwa kingine cha Komoro. Kingazija si Kiswahili, lakini ukisimama mbele ya duka la mama wa Kingazija ukasikiliza, maneno mengi utayashika, na ukimtolea salamu ya kwetu huenda akatoka mwenyewe akakuonyesha njia.

SWALI

Ninakwenda Marseille kwa mafunzo ya wiki moja mwanzoni mwa Julai. Wanangu wawili wanataka jezi za timu ya huko, na mwenzangu wa kazini ameniambia kuna soko la Jumapili ambako viatu na mikoba ya majina makubwa huuzwa kwa bei ya kutupa. Je, ni kweli, na linafikiwa vipi? (Bw. K., Changamwe)

JIBU

Bwana K., soko lipo. Linaitwa Les Puces, liko mtaa wa 15 kaskazini mwa mji, na linafikiwa kwa metro ya mstari wa pili hadi kituo cha mwisho cha Gèze kisha mwendo mfupi. Siku ya Jumapili watu humwaga chini vitu vya kila aina: samani za zamani, baiskeli, vyombo vya shaba, nguo, matunda. Kama unapenda vitu vikuukuu, ni safari nzuri, na ni vyema kufika mapema.

Lakini hicho kiatu cha jina kubwa kwa bei ya kutupa, nakuomba ukiache. Ufaransa haimwadhibu muuzaji wa bidhaa bandia peke yake; anayekutwa nayo pia ana kosa kwa maafisa wa forodha, hata kama amenunua kimoja cha kuvaa mwenyewe. Bidhaa huchukuliwa, faini hutozwa, na sheria inaruhusu hata kifungo. Si jambo la kujiingiza mtu aliyepewa viza ya kwenda kusoma kwa wiki moja.

Hali ni hiyohiyo kwa jezi zinazotandikwa kando ya njia siku za mechi. Olympique de Marseille ni klabu ya tangu mwaka 1899, na ndiyo iliyoifunga AC Milan bao moja kwa bila huko Munich mwaka 1993 ikatwaa Kombe la Ulaya, kwa hiyo naelewa kwa nini wanao wanaitaka. Klabu ina duka lake rasmi katika uwanja wa Vélodrome; shuka kituo cha Rond-Point du Prado. Jezi ya msimu ni ghali. Hata hivyo wewe una bahati ya tarehe: nchini Ufaransa kuna misimu miwili ya punguzo la bei inayopangwa na sheria, wa baridi unaoanza Januari na wa joto unaoanza Jumatano ya mwisho ya Juni, na kila mmoja kwa kawaida huchukua wiki nne. Mwanzoni mwa Julai utakuwa katikati yake. Utaona neno "soldes" kwenye kila dirisha, na huo ndio wakati wa kununua viatu vya kweli vya watoto kwa bei ya haki, ama mtaa wa Saint-Ferréol ama Les Terrasses du Port, jengo la maduka lililofunguliwa mwaka 2014 kando ya gati la meli za abiria. Jengo hilo hufunguliwa hata Jumapili, siku ambayo maduka mengi ya mjini hufungwa, na kutoka baraza lake la juu utaziona meli za Korsika na Aljeria zikiingia. Mtu wa bandarini kama wewe hatachoka kuzitazama.

SWALI

Mimi nitakuwa Marseille mwezi wa Desemba na kurudi kwa kupitia Paris. Dada yangu alisafiri mwaka jana akaambiwa atarudishiwa kodi ya vitu alivyonunua, lakini hakupata hata senti. Alikosea wapi? Pia mama yangu hupamba pango la Noeli kila mwaka, naye ningependa kumletea kitu cha huko. (Bi. M., Mtwapa)

JIBU

Bi. M., kwa jinsi unavyoeleza, nadhani dada yako alikabidhi begi kabla ya kuithibitisha hati. Utaratibu ni huu. Mgeni asiyeishi katika nchi za Umoja wa Ulaya, mwenye umri wa miaka 16 au zaidi na anayekaa chini ya miezi sita, anaweza kudai kodi ya ongezeko la thamani akinunua vitu vya zaidi ya yuro 100 katika duka moja ndani ya siku zisizozidi tatu. Duka halilazimiki kutoa huduma hiyo, kwa hiyo uliza neno "détaxe" kabla ya kulipa na uwe na pasipoti yenyewe. Utapewa hati yenye alama ya kusomwa na mashine. Uwanjani kuna mashine zinazoitwa PABLO. Unaweka hati mbele yake, inasoma, inakubali, na hapo ndipo dai lako linapokamilika. Hati isiyopita hapo haina thamani, na bidhaa zinatakiwa zitoke Ulaya ndani ya miezi mitatu.

Kanuni ni kwamba uthibitisho hufanywa mahali unapotokea Umoja wa Ulaya, na afisa wa forodha ana haki ya kutaka kuona ulichonunua. Kwa hiyo vitu ulivyobeba mkononi vithibitishe Paris; lakini kama viko ndani ya begi utakalolikabidhi Marseille na kulipokea Mombasa, tumia mashine ya Marseille kabla begi halijakwenda. Fika saa moja mapema kuliko kawaida. Usitarajie kodi yote asilimia 20, maana kampuni zinazoshughulikia malipo hukata ada yao, na kinachobaki mara nyingi ni karibu asilimia 12 ya bei.

Kuhusu mama, umechagua mwezi ulio bora kuliko yote. Mafundi wa Marseille hutengeneza vinyago vidogo vya udongo viitwavyo "santons", neno la lugha ya kienyeji lenye maana ya watakatifu wadogo, kwa ajili ya pango la Noeli. Tangu mwaka 1803 kumekuwa na gulio lake katikati ya mji, kuanzia Novemba hadi mwanzo wa Januari. Kinachonivutia mimi ni kwamba karibu na Yosefu na Maria hupangwa watu wa kijiji kizima: muuza samaki na kapu lake, mwoka mikate, mwanamke aliyebeba kuni, kipofu anayeongozwa na mwanawe, mchungaji mwenye kondoo mabegani. Mweleze muuzaji urefu wa vinyago ambavyo mama anavyo tayari, kwa sababu huuzwa kwa vipimo na vya ukubwa tofauti havipendezi pamoja. Anza na muuza samaki. Udongo wake huvunjika upesi, kwa hiyo kila kimoja kifunge peke yake ndani ya leso kuukuu, ukibebe mkononi.